Bessie Head: kazi mpya, mtoto mdogo na kitabu katika inchi ya ukimbizi

Kunako mwezi wa tatu mwaka wa 1964, mwanamke wa miaka 26 alitoka Afrika ya Kusini na kuingia Bechuanaland, inchi ambayo leo inaitwa Botswana. Alikuwa na mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili, pamoja na karatasi ya serikali iliyomruhusu kutoka lakini isiyomruhusu kurudi. Katika kijiji kikubwa cha Serowe, kazi mpya ya ualimu ilikuwa inamngojea. Mume wake hakuwa pamoja naye. Alikuwa ameandika mengi, lakini hakuwa na kitabu hata kimoja kilichochapishwa.

Mwanamke huyo ni Bessie Head. Leo jina lake linatajwa kati ya waandishi wakubwa wa Afrika, na vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi. Huku Kongo anajulikana kidogo, maana aliandika kwa Kiingereza, na shule zetu zimezoea waandishi wa Kifaransa. Lakini maisha yake, wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Uvira au Bunia watayatambua bila kufasiriwa: kufika ugenini na mtoto, kupewa kazi, kuipoteza, kuripoti kwa polisi kama mkimbizi, na katikati ya hayo yote kutafuta saa moja ya utulivu ili kufanya kazi ambayo mtu anaamini aliumbwa kwa ajili yake.

Mtoto aliyezaliwa hospitalini

Bessie alizaliwa tarehe 6 mwezi wa saba 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg. Mama yake, Bessie Amelia Emery, alikuwa Mzungu wa familia yenye mali. Baba yake alikuwa mtu mweusi, na jina lake halikupatikana mpaka leo. Wakati huo Afrika ya Kusini ilikuwa tayari na sheria, iliyopigiwa kura mwaka wa 1927, iliyokataza Mzungu na mtu mweusi kulala pamoja nje ya ndoa. Familia ya mama haikutaka mtoto huyo ajulikane.

Mtoto alipelekwa kwanza katika familia ya Wazungu. Walipotazama vizuri rangi yake, walimrudisha. Ndipo akawekwa kwa familia ya machotara, watu ambao serikali ya ubaguzi iliwapanga katika kundi lao la pekee, wala si Wazungu wala si weusi. Mama mlezi, Nellie Heathcote, alimlea kama mtoto wake wa tumbo, na Bessie alikua akiamini hivyo. Mama yake wa kumzaa alikufa mwaka wa 1943 katika hospitali hiyo, na binti hakupata kumjua.

Alipokuwa na miaka kama 13 alipelekwa kusoma katika shule ya misioni ya Kianglikana karibu na Durban. Ni huko alikoambiwa kwamba Nellie si mama yake, na kwamba hataruhusiwa kurudi kwake hata kwa likizo. Aliambiwa pia kwamba mama yake halisi alikuwa Mzungu na alikufa akiwa mgonjwa wa akili. Kwa msichana wa umri ule, ilikuwa kupoteza wazazi wawili siku moja. Habari hiyo ilimfuata maisha yote, na ilimtia hofu ya kwamba na yeye siku moja atashikwa na ugonjwa ule ule.

Shule hiyo ilimpa kitu kimoja kizuri, nacho ni vitabu. Alitoka huko akiwa msomaji mkubwa, akafanya masomo ya ualimu, na tangu mwaka wa 1956 akafundisha watoto wa shule ya msingi mjini Durban. Kazi hiyo hakuipenda. Katikati ya mwaka wa 1958 aliiacha na kwenda Cape Town kutafuta kazi ya gazeti.

Uandishi wa habari, ndoa na mtoto

Cape Town, Bessie alipata nafasi katika gazeti la Golden City Post, ambalo lilikuwa la nyumba moja na jarida mashuhuri la Drum. Ofisi za magazeti wakati huo zilikuwa za wanaume. Mwanamke kijana, mwenye haya, asiye na ndugu mjini, alipewa habari ndogo ndogo za mahakama na za mitaani. Mwaka uliofuata alihamia Johannesburg kwa gazeti lingine la nyumba hiyo hiyo, ambako alishughulikia kurasa za watoto na vijana. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini kwa mara ya kwanza aliishi kwa kalamu.

Kisha siasa ikaingia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1960 alijiunga na chama cha PAC cha Robert Sobukwe. Tarehe 21 mwezi wa tatu mwaka huo, polisi waliua watu 69 kule Sharpeville. Muda mfupi baadaye Bessie naye alikamatwa na kufikishwa mahakamani, ingawa hakufungwa. Miezi hiyo ilimvunja moyo, hata akajaribu kujiua na kulazwa hospitalini. Alirudi Cape Town akiwa mchovu, bila kazi ya kudumu.

Ni huko alikokutana na Harold Head, mwandishi wa habari, katikati ya mwaka wa 1961. Hawakungoja, wakafunga ndoa mwezi wa tisa. Mtoto wao alizaliwa mwezi wa tano 1962. Katika kipindi hicho, kati ya gazeti, ndoa na mimba, Bessie aliandika hadithi ndefu aliyoiita The Cardinals. Inahusu msichana asiyejua wazazi wake ambaye anaanza kazi katika ofisi ya gazeti. Hakuna mchapishaji aliyeitaka wakati ule. Ilitoka mwaka wa 1993 tu, wakati mwandishi alikuwa amekwisha kufa.

Ndoa haikudumu. Familia ilihamia Port Elizabeth kufuata kazi ya Harold, ikarudi Cape Town, na mapatano nyumbani yakazidi kuwa magumu. Mwishoni mwa mwaka wa 1963 Bessie aliondoka na mtoto, akaenda kuishi kwa mama mkwe wake karibu na Pretoria. Kwa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, bila mshahara, katika nyumba ya mama wa mume ambaye ameachana naye, hapakuwa na njia nyingi. Alipoona tangazo kwamba Bechuanaland inatafuta walimu, aliandika barua. Kazi ile ya ualimu aliyoikimbia miaka sita mbele yake ndiyo ilikuwa mlango peke yake uliobaki wazi.

Serikali ilimnyima pasipoti, kwa sababu ya siasa yake. Ilikubali tu kumpa karatasi ya kutoka bila kurudi. Aliichukua. Afrika ya Kusini hakuiona tena mpaka kufa kwake.

Mwalimu wa Serowe

Serowe ni makao ya Bamangwato, na wakati huo ilihesabiwa kati ya vijiji vikubwa sana vya Afrika. Nyumba za udongo na manyasi zilienea mbali, kila familia na uwanja wake, ng'ombe wakiwa mbali katika vituo vya malisho. Hapakuwa na umeme kwa watu wa kawaida, na maji yalichotwa. Ni kijiji cha Seretse Khama, chifu aliyehamishwa na Waingereza kwa sababu alimwoa mwanamke Mzungu mwaka wa 1948, na ambaye baadaye akawa rais wa kwanza wa Botswana. Mtu angefikiri kwamba hapo, mtoto wa mama Mzungu na baba mweusi atapokelewa bila maneno. Haikuwa rahisi hivyo.

Bessie aliwekwa katika shule ya msingi iliyobeba jina la Tshekedi Khama. Asubuhi alisimama mbele ya darasa, na baada ya shule alirudi kwa mtoto, kwa moto wa kuni na kwa mashini yake ya kuandika. Lugha ya Kitswana haikumwingia vizuri. Mwana wake, kama watoto wote, aliikamata kwa kucheza na wengine. Hivyo mama akawa mgeni zaidi kuliko mtoto aliyemleta. Mwanamke bila mume, bila ukoo, mwenye rangi ambayo watu wa pale waliilinganisha na ya Wasarwa, kabila lililodharauliwa na kufanywa watumishi, hakukosa kusemwa.

Hata hivyo aliandika. Makala zake fupi zilitoka katika jarida la The New African, lililoanzishwa na marafiki zake wa Cape Town. Kwa mtu anayefundisha mchana na kulea usiku, makala fupi ndiyo kazi inayowezekana: unaweza kuianza mtoto akilala na kuimaliza juma lile lile. Kitabu ni jambo lingine. Kinadai siku zinazofuatana, kichwa ambacho hakikatwikatwi, na hiyo ndiyo mali ambayo mwalimu mwenye mtoto hana.

Mwishoni mwa mwaka wa 1965 mambo ya shule yaliharibika. Bessie alisema kwamba mkubwa wake wa kazi alimsumbua kama mwanamke, na kwamba alipojitetea, lawama zikamgeukia yeye. Wakubwa wa elimu walitaka apimwe akili na daktari mbele ya kurudi darasani. Mtu anayejua alikozaliwa ataelewa kwa nini neno hilo lilimchoma kuliko lingine lolote. Alikataa kupimwa. Alifukuzwa, na jina lake likawekwa katika orodha ya walimu wasioweza kuajiriwa tena. Kazi mpya ilikuwa imedumu chini ya miaka miwili. Hapo hakuwa tena mwalimu mgeni, alikuwa mkimbizi, na mtoto wake hajafikisha miaka minne.

Shamba, barabara, Francistown

Mwaka wa 1966 ulikuwa mwaka wa njaa. Ukame ulikuwa umekausha inchi, na ng'ombe walikufa kwa maelfu. Bessie na mwana wake walipata mahali pa kukaa katika shamba la maendeleo la Radisele, kusini mwa Serowe, ambako watu walikuwa wanajaribu njia mpya za kulima na kufuga katika udongo mkavu. Hakukaa miezi mingi, lakini macho yake yalikuwa wazi. Aliuliza juu ya mbegu, nyasi, visima na uzio. Alisikiliza wafugaji wakibishana. Bila kujua, alikuwa anakusanya kitabu.

Baada ya hapo alipata kazi ya daktilo Palapye, katika kampuni iliyojenga barabara. Nayo haikudumu. Ndipo akafika Francistown, mji wa kaskazini ambako wakimbizi wa kisiasa kutoka Afrika ya Kusini, Rhodesia, Angola na Afrika ya Kusini-Magharibi walikuwa wanakusanyika. Wakimbizi walipaswa kujionyesha mara kwa mara mbele ya polisi, na msaada waliopata ulikuwa mdogo. Wengi wao walikuwa wanaume vijana wanaongojea safari ya kwenda mbele, kwa masomo au kwa vita ya ukombozi. Mama mwenye mtoto hakuwa na mahali katika mpango huo. (Kambi ya Dukwi, ambayo leo inapokea kati ya wengine Wakongomani waliokimbia vita, iko upande huo huo wa inchi, lakini ilianzishwa mwaka wa 1978 tu.)

Katika hali hiyo ndipo mlango wa vitabu ulifunguka. Makala yake moja, juu ya mwanamke Mmarekani aliyeolewa Botswana, ilitoka mwaka wa 1966 katika jarida la New Statesman la London. Mchapishaji wa New York, Simon & Schuster, aliisoma na kumwandikia: je, anaweza kutunga riwaya juu ya Botswana? Walimtumia fedha kidogo za kuanzia. Kwa mkimbizi asiye na kazi, hata ununuzi wa karatasi ni hesabu kubwa.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Alipokuwa na mshahara, Bessie alikosa wakati. Alipofukuzwa, wakati ulikuwapo, lakini chakula cha mtoto kilikosekana. Barua ya New York ilimpa kwa muda mfupi vyote viwili, kidogo kidogo. Alifanya kazi kwa nguvu, mtoto akiwa kando yake, na mwaka wa 1968 kitabu When Rain Clouds Gather kikatoka.

Kinahusu kijana Makhaya anayeruka uzio wa mpaka kutoka Afrika ya Kusini na kupata kimbilio katika kijiji kidogo ambako Mwingereza mmoja anajaribu kufundisha kilimo cha tumbaku na vyama vya ushirika. Maarifa yote ya Radisele yamo ndani: udongo, nyasi, ng'ombe wanaokufa, chifu anayeogopa kwamba wanawake wakishika fedha hatawatawala tena. Wanaofanya kazi ya shamba ni wanawake, kwa sababu wanaume wako na ng'ombe. Na katikati ya kitabu kuna mama, Paulina, ambaye mwana wake mdogo anafia peke yake katika kituo cha malisho, mgonjwa wa kifua kikuu, wakati mama yuko kijijini akitafuta maisha. Mwandishi aliyeweka kifo hicho katika kitabu alikuwa na mwana wa karibu miaka sita nyumbani. Hofu hiyo hakuitoa mbali.

Nyumba iliyojengwa kwa kitabu

Mwanzoni mwa 1969 walirudi Serowe. Kwa fedha za uandishi Bessie alijenga nyumba ndogo, akaiita Rain Clouds, jina lililochukuliwa kutoka kitabu chenyewe. Umeme haukuwako. Usiku aliandika kwa mwanga wa mshumaa. Kwa mtu ambaye tangu kuzaliwa alihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mlango wenye ufunguo wake ulikuwa jambo kubwa.

Riwaya ya pili, Maru, ilitoka mwaka wa 1971. Ni kitabu kifupi, na ndani yake mwalimu kijana, Msarwa aliyelelewa na Mzungu wa misioni, anafika katika kijiji kuanza kazi yake ya kwanza na kukataa kuficha kabila lake. Serowe nzima iliweza kujitambua ndani yake. Ile kazi ya ualimu iliyomtoa machozi, aliigeuza kuwa kitabu ambacho leo wanafunzi wa inchi nyingi wanakisoma darasani.

Lakini gharama ilikuja. Tangu 1969 alikuwa na vipindi vya ugonjwa, akisikia sauti na kuwashuku watu. Mwaka wa 1971 alibandika kwenye ukuta wa posta ya Serowe tangazo lenye mashtaka mazito juu ya rais wa inchi. Alichukuliwa na kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, kwa muda wa miezi kama mitatu. Mwana wake, aliyekuwa na umri wa kama miaka tisa, alibaki mikononi mwa watu wengine. Wanaomsifu Bessie Head hupita haraka juu ya miezi hiyo, lakini mtoto aliilipia.

Alipopona hakuficha chochote. Riwaya A Question of Power inasimulia mwanamke mkimbizi, mwalimu, mama wa kijana mdogo, ambaye akili yake inavamiwa usiku, na asubuhi lazima aamke, apike uji na kwenda bustanini. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu hicho, wakasema hawakielewi. Kilitoka mwaka wa 1973. Ni kitabu kigumu kweli, na msomaji anaweza kupotea ndani yake. Lakini kila mara kurasa zinapokuwa giza sana, mtoto anaingia na swali lake la kawaida, la chakula au la mchezo, na mama anarudishwa katika dunia.

Bustani nayo haikuwa ya kubuni. Kwa miaka hiyo Bessie alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa mradi wa bustani wa Boiteko, pamoja na wanawake wa Serowe. Alikuza mboga na matunda madogo ya njano yaliyoletwa kutoka upande wa Cape, akayapika konfitiri na kuiuza. Mradi huo ulitokana na Patrick van Rensburg, mwanzilishi wa shule ya Swaneng Hill. Wakongomani wa zamani wangeweza kumjua, maana alikuwa makamu wa konsuli wa Afrika ya Kusini mjini Léopoldville, na ni hapo, mwaka wa 1957, alipojiuzulu kazi hiyo kwa kukataa ubaguzi wa rangi. Kutoka ofisi ya Kongo mpaka bustani ya Serowe, njia ilikuwa ndefu, lakini mkimbizi mmoja na mtoto wake walikula kutokana nayo.

Vitabu vilimpa jina kubwa kuliko fedha. Malipo yalichelewa, mikataba ilimchanganya, na aligombana na wachapishaji na mawakala wake, mara nyingine kwa haki, mara nyingine kwa hasira tu. Marafiki aliwapata kwa barua na kuwapoteza kwa barua. Hakuwa mtu rahisi, na hata waliompenda sana walikubali hivyo.

Pamoja na hayo, kijiji ambacho kilimtazama kwa mashaka kilianza kumfungulia milango. Kwa msaada wa watafsiri, alihoji wakaaji kama mia moja wa Serowe, wazee, waganga, walimu, wafinyanzi, wajenzi wa nyumba, akaandika historia ya mahali hapo kwa vinywa vyao. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1981. Mbele yake, mwaka wa 1977, zilitoka hadithi fupi za The Collector of Treasures, nyingi zikihusu wanawake wa kijiji na waume waliowaachia watoto. Kati ya vitabu vyake vyote, pengine hicho ndicho ambacho mama wa Kivu angekisoma bila kusimama.

Uraia

Kwa wakati huo wote alikuwa bado mkimbizi. Mwaka wa 1977 aliomba uraia wa Botswana, akanyimwa. Mwaka huo huo Marekani ilimwalika katika mpango wa kimataifa wa waandishi wa Iowa. Mwanamke aliyefanya Serowe ijulikane ulimwenguni hakuwa na pasipoti ya inchi yoyote. Mwaka wa 1979 serikali ilimpa uraia. Tangu alipovuka mpaka, miaka 15 ilikuwa imepita, na mtoto aliyekuja naye akiwa hajui kusema vizuri alikuwa sasa kijana.

Miaka ya mwisho haikuwa mitulivu. Alikuwa akinywa sana, na fedha zilikuwa zinakosekana. Mwaka wa 1984 ilitoka A Bewitched Crossroad, kitabu chake kikubwa cha historia ya Khama na watu wake. Alikuwa na mkataba wa kuandika maisha yake mwenyewe, lakini ugonjwa wa maini ulimtangulia. Alifariki Serowe tarehe 17 mwezi wa nne 1986, akiwa na miaka 48, na kuzikwa hapo hapo. Afrika ya Kusini, iliyomtoa bila kurudi, ilimpa nishani ya dhahabu ya Ikhamanga mwaka wa 2003, na Pietermaritzburg, mji wa kuzaliwa kwake, ikaita maktaba yake kuu kwa jina lake.

Karatasi zake ziko katika jumba la makumbusho la Khama III, mjini Serowe. Ni maelfu ya barua. Alikuwa na mazoea ya kuweka nakala ya kila barua aliyoituma, kwa karatasi ya kaboni, hata katika miaka ambayo karatasi yenyewe ilikuwa shida kununua. Humo ndani kuna hesabu za malipo yaliyochelewa, habari za mboga na konfitiri, malalamiko juu ya polisi wa Francistown, na habari za mwana wake: amekua namna gani, anasoma nini, amevaa viatu gani, amerudi saa ngapi.